Bango la Nyambura

Ujumbe wa msiba ulinikuta nachambua mchele, nusura nimwage sinia nzima. "Chama cha wahandisi wanawake kinatangaza kwa huzuni kifo cha Bi. Nyambura, rafiki wa chama." Rafiki wa chama! Niliusoma tena nikidhani ni miwani. Mume wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia Nyambura kafa na wenye adabu zao wamemwita rafiki. Akaniondolea sinia, ananijua. Rafiki wa chama alikuwa yule mwenye duka la fotokopi aliyetuazima viti. Nyambura ndiye aliyevibeba viti hivyo ngazini, kupanda na kushuka, enzi ambazo chama hakikuwa hata na birika lake, na alikuwa mhandisi aliyesajiliwa wakati hawa wanaoandika jumbe leo walikuwa bado wanachonga penseli shule ya msingi. Nililia, ndiyo. Lakini kwanza nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike habari za mwaka ule.

Sitaanzia mbali. Nimezaliwa na nani na nimekulia wapi hayatakusaidia kitu. Naanzia Woodley, Nairobi, miaka ya elfu mbili na kitu, nikiwa na digrii ya uhandisi wa majengo na sina wa kunisimamia. Kwetu digrii peke yake haikufanyi mhandisi. Lazima ufanye kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha yeye akusemee mbele ya wakubwa. Niliingia ofisi za mjini moja baada ya nyingine. Katika moja walinipa kazi ya kupokea simu. Katika nyingine mzee mmoja alilitazama buibui langu akasema, "Na hiyo nguo, saitini utapanda nayo ngazi aje?" Nikamjibu nitapanda kama anavyopanda yeye na lile tumbo lake, na mahojiano yakaishia hapo. Nyambura ndiye aliyenichukua. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja katikati ya jiji na amepanga nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale Woodley, moja ya zile za zamani zenye paa la vigae. Akaniambia, "Kuja ukae na mimi. Lakini sipendi mtu wa kulala hadi saa mbili."

Nyumba ile naiona hata sasa nikifumba macho. Sakafu ya simiti nyekundu tuliyoisugua kwa nta kila wikendi, hadi mgeni akiingia na soksi ilibidi ashike ukuta. Meza ya kulia chakula iliyogeuzwa meza ya michoro, kwa hiyo tulikula na sahani mapajani. Kati ya jikoni na sebuleni palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, kilango chake kiling'oka kitambo, na lolote lililosemwa sebuleni lilimfikia aliye jikoni kama limesemwa sikioni mwake. Mimi nilipika mbaazi na mahamri, yeye vya kwao, mukimo na nduma. "Nyinyi watu wa Mombasa hata chai mnaitia pilipili," alikuwa akinitania, kisha anamaliza birika. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Akipiga hesabu za nguzo aliimba nyimbo za kwaya bila kujua kama anaimba. Nikikosea aliiweka karatasi yangu mbele yangu bila neno, akaniachia niitafute aibu yangu mwenyewe.

Chama kilikutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ghorofani juu ya duka la miwani, katika chumba chenye madirisha yasiyofunguka. Chini wachuuzi walikuwa wakikunja mali zao na kuwakimbia askari wa kanjo, juu sisi tulikuwa tukifundishana namna ya kujibu maswali ya usajili, au namna ya kuvaa soksi tatu ili buti za saiti, zilizoshonwa kwa miguu ya wanaume, zisikuvuke ukiwa juu ya slabu ya zege. Tulicheka sana mle ndani. Huwezi kujua raha ya kumweleza mtu kwamba msimamizi wa saiti amekuita "kasichana" na yeye asikuulize ulivaa nini. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja tuliyemwita Madam, sisi sote, hata waliomzidi umri. Alikuwa ametangulia. Alikuwa na cheo katika kampuni ya kujenga mabarabara, na yeye ndiye aliyemsimamia Nyambura hadi akasajiliwa, kama Nyambura alivyonisimamia mimi. Kwa hiyo mimi kwa Madam nilikuwa kama mjukuu, na mjukuu kazi yake ni kumimina chai.

Sasa nieleze desturi ya bango, maana ndiyo iliyotumaliza. Kila saiti ya jengo lazima isimamishe bango mbele, limeandikwa mwenye mali ni nani, msanifu ni nani, mhandisi ni nani. Ukipita barabara za Nairobi enzi hizo ungesoma mabango hadi macho yachoke na usikutane na jina la mwanamke. Basi mwanachama akipata kazi yake mwenyewe na jina lake likapanda, chama kizima kilikwenda kuona bango. Kilikwenda kwa nguo za kanisani, na vyakula, na kamera. Tulisimama chini ya jina tukapiga picha, tukala palepale kwenye vumbi na mafundi. Na mhandisi akijitoa kazini, bango linang'olewa. Hiyo si desturi yetu peke yetu, hiyo ni ya kazi yenyewe: bango likisimama, maana yake jengo lina mwenyewe wa kulijibia.

Bango la Nyambura lilipanda Dagoretti, karibu na soko, mahali ambapo upepo ukigeuka unapata harufu ya vichinjio. Mwenye jengo alikuwa mfanyabiashara wa nyama, mtu mkubwa wa kucheka-cheka. Alitaka nyumba ya kupangisha, maduka chini, na Nyambura akamchorea ghorofa tatu. Na Dagoretti ndiko kwao. Mamake aliuza mboga soko lilelile. Siku ya kuona bango mama alikuja na sufuria ya githeri kichwani na shuka begani, akasimama mbele ya lile bati lililopakwa rangi nyeupe, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. "I-nji-nia. Nyambura." Akanyanyua mkono akaligusa jina, rangi ikamwachia alama kidoleni. "Ngai," akasema, "kumbe huyu mtoto hakuwa ananidanganya." Tulicheka hadi Madam akafuta machozi. Ile picha ninayo mpaka leo. Nyambura ndiye pekee asiyetazama kamera, anaitazama slabu nyuma yetu.

Miezi ikapita, jengo likapanda vizuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha siku moja tulifika saitini tukakuta nondo za nguzo zimeendelea kwenda juu. Nyambura akasimama pale chini kofia mkononi. Akamwita mwenye jengo. "Hii ni nini?" Yule bwana akacheka. "Madam Injinia, si ni kidogo tu? Wapangaji ni wengi. Naongeza ya nne, na Mungu akipenda ya tano." Nyambura akamwambia nguzo zile zimehesabiwa kubeba tatu, na kwamba mafundi wanatoa miti ya kushikilia slabu kabla zege halijakomaa, ameona kwa macho yake. Akamjibu, "Mama, hata majirani wameongeza na hakuna aliyekufa." Ndipo Nyambura akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mbele ya mafundi wote: "Basi mimi nimetoka. Kuanzia leo hii nyumba si yangu." Mafundi wakainamisha vichwa. Mmoja wao, Kang'ethe, kijana aliyeimba naye kwaya tangu utotoni, akatufuata hadi barabarani. "Dada, sasa sisi tufanye nini?" Akamwambia, "Tokeni." Kang'ethe akatikisa kichwa. "Kutoka tuende wapi?"

Jioni hiyo tukapanga kesho yake twende na mtaimbo tukang'oe bango, kisha tupeleke habari kanjo saiti ifungwe. Tulikuwa tumeshakubaliana. Lakini Madam alisikia, sijui kwa nani, akaja Woodley kabla hatujala. Mimi nilikuwa jikoni namenya nduma, na sikuhitaji kutega sikio.

"Nasikia unataka kushusha bango," akasema Madam.

"Si kutaka, Madam. Nimeshatoka pale."

"Na wasichana? Wiki ijayo nina basi nzima ya wasichana wa shule, na wafadhili nyuma yao, wanakuja kuona jina la mwanamke kwenye saiti. Nitawaonyesha nini, ukuta?"

"Wapeleke kwingine."

"Wapi? Nitajie bango lingine upande wote huu wa jiji. Nitajie moja."

Nilisikia kijiko kikizungushwa kikombeni, kikizungushwa tu.

"Madam, ile nyumba inaweza kuanguka."

"Nyumba haianguki kwa wiki mbili, Nyambura. Msingi si ni wako? Si nilikufundisha mimi? Wewe nenda kanjo leo, kesho saiti imefungwa, keshokutwa wanaume wote mjini wanasema mwanamke amepewa jengo limemshinda. Nimengojea hilo bango tangu ukiwa mtoto. Wiki mbili, mami. Wasichana waone, halafu ung'oe, na kanjo nitakusindikiza mimi mwenyewe."

Alipoondoka nilitoka jikoni na kisu mkononi. Nikamwambia Nyambura huo ni wazimu, tuchukue mtaimbo sasa hivi. Nilipaza sauti, mimi mtoto wa juzi. Hakunigombeza. Alikuwa ameuinamisha uso juu ya kikombe. "Mai," akasema, akilifupisha jina langu kama kawaida yake, "wewe ukiwa mkubwa, na mimi nije nikuombe kitu, utanikatalia?" Nikamwambia ndiyo, ningemkatalia. Akatabasamu kidogo. "Basi nimekufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa." Nduma zile hatukuzila. Mara nyingi nimemkasirikia kwa usiku ule, na kila mara hasira huishia kwa Madam, maana najua alivyomlea. Mtu aliyekushika mkono ukiwa huna pa kushika, hata akikuongoza shimoni mguu wako unamfuata.

Wasichana wakaja Jumamosi, sweta za kijani, wamesimama mstari chini ya bango kama walivyopangwa. Madam akahutubia. Nyuma yao mafundi, waliokeshezwa kazini usiku na mchana, walikuwa wanapandisha zege la ghorofa ya tano kwa kamba na madebe, na wafadhili wakapiga picha wakidhani hayo ndiyo maendeleo. Msichana mmoja mwenye pengo akamuuliza Nyambura, "Ni wewe umejenga hii yote?" Nyambura akasema, "Mimi nilichora ghorofa tatu." Yule mtoto akageuka akahesabu kwa kidole, akafika tano, akamtazama tena. Madam akawahi kusema wakati wa soda umefika. Nilitaka kupiga kelele mtoto yule atolewe pale. Nyambura alikuwa ameshamshika mkono anamvusha upande wa pili wa barabara, na wengine akawaita mmoja mmoja wamfuate, soda zikanyweka huko. Kumbuka hilo. Hakuna mtoto aliyekunywa soda chini ya jengo lile.

Mvua ikanyesha Jumapili kutwa, na mtaimbo wetu ukabaki mlangoni. Jumatatu asubuhi jirani aligonga dirisha akasema redio inataja Dagoretti. Hatukuulizana. Tulipofika hapakuwa na jengo, palikuwa na mkate wa slabu zilizolaliana, moja juu ya nyingine, na vumbi lililogeuka tope. Watu walikuwa wanachimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa bati. Kutoka ndani mtu alikuwa akiita, kisha akaacha kuita. Na mbele ya yote hayo, limesimama wima, halina hata mkwaruzo, bango. Kamera zote zililielekea. Mwenye jengo hakuonekana, simu yake imezimwa, kwa hiyo jina la pekee lililokuwapo pale ni lile. Nikasikia mtu anasema, "Huyo ndiye! Huyo mrefu!" na watu wakaanza kusogea. Nilimshika Nyambura kiuno nikimvuta, lakini hakuvutika. Mama mmoja alipenya katikati yao, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa mama yake Kang'ethe.

"Nyambura, si ni wewe umeandikwa hapo?"

"Ni mimi."

"Si ni wewe unajua hii nyumba?"

"Ninaijua, mama."

"Basi nionyeshe mtoto wangu ako wapi."

Na akamwonyesha. Aliuliza Kang'ethe alikuwa anafanya kazi upande gani, akapiga hesabu kwa kichwa, akawaambia wachimbaji wasiguse slabu ya mbele, waingilie pembeni, hapo. Akapiga magoti akachimba nao. Walimtoa mchana. Alikuwa amekufa, na wenzake waliokuwa naye, na mpishi wa saiti aliyekuwa akichemsha chai chini ya ngazi. Mamake Kang'ethe hakumpiga Nyambura, hakumtukana. Alimfuta mwanawe uso kwa kile kitambaa, akasema tu, "Yeye alisema dada Nyambura ameandikwa, haiwezi kuanguka."

Jumamosi iliyofuata chama kilikutana na hakuna aliyenitaka chai. Madam alisimama, akasema chama kinasikitika, lakini saiti ya mtu binafsi ni ya mtu binafsi, na kwamba kwa heshima ya wasichana wanaotutazama ni bora tukae kando. Nyambura alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani, kucha zake bado zina tope lisilotoka. Nikasema, "Madam, wewe ndiye uliyemwambia aliache bango." Akanitazama kwa huruma, ule ubaya wenye huruma. "Mwanangu, umechoka." Nikalirudia lilelile mbele ya kamati ya nidhamu ya wahandisi, mbele ya wazee waliovaa suti, nikawaeleza siku, nduma, kidirisha, neno kwa neno. Madam akasema hakumbuki mazungumzo hayo. Mzee mmoja akaniuliza nilikuwa wapi yakisemwa. Nikasema jikoni. Wakacheka kidogo, wale wazee. Wakamfutia Nyambura usajili mchana huohuo, na mwenye jengo akajenga lingine baada ya miaka, kwa jina la mkewe.

La kuvunda halina ubani, na mimi sikungojea chama kinifukuze, nilitoka. Nilimpata mwingine wa kunisimamia, mwanaume, wa Kisumu, mkali na mwenye haki, na jina langu likaja kupanda kwenye mabango mengi bila githeri wala picha. Nikijitoa kazini nang'oa bango kwa mkono wangu kabla sijafika nyumbani, hata kama ni mvua. Nyambura alirudi kwa mamake, kwenye nyumba ya mbao, akawafundisha watoto hesabu sebuleni. Hakuingia tena jengo la ghorofa, hata benki. Nilikuwa namsimamia foleni na yeye ananingojea ng'ambo ya barabara. Kila mwaka alimpelekea mamake Kang'ethe kuni. Nilimpelekea mahamri, na akila ananitania vilevile, lakini kuimba aliacha. Ugonjwa ulipomkuta kifuani hakupigana nao sana.

Tulimzika kwao. Fundi wa rangi alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa anaandika msalaba, na mama, mzee kabisa sasa, amesimama juu yake. "Andika Injinia," akamwambia. Pasta akainama akamnong'oneza kwa upole, "Mama, lakini hiyo si walimnyang'anya?" Mama akajibu kwa sauti ya sokoni, waombolezaji wote wakasikia: "Walimnyang'anya wao. Mimi sikumnyang'anya. Andika." Fundi akaandika. Nilimwona mamake Kang'ethe, aliyekuwa ameketi viti vya mbele, akiitikia kwa kichwa.

Chama kilifika wakati kaburi limeshafukiwa, vitenge sare, shada kubwa limeandikwa "Kutoka kwa marafiki." Madam alikuwa na fimbo na miwani nyeusi. Walisoma kilichoandikwa msalabani, nikaona wakitazamana, na mmoja wa vijana akatoa simu. Madam akamsogelea mama, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, Mama. Tunaomba tu picha moja, sisi wote, hapa kwa jina la dada yetu."

Walikuwa wameshaanza kujipanga, wafupi mbele, kama zamani. Mama akaifungua shuka begani kwake, akaenda taratibu hadi kaburini, akaitandaza juu ya mikono ya msalaba hadi herufi zote zikafunikwa, akabana pindo zisipeperuke. Kisha akawageukia.

"Haya," akasema. "Sasa pigeni."